Aliyefungwa Ndiye Huanza

Tarehe 4 Machi

Dada,

Nimefungwa.

Neno hilo nimeliandika juu kabisa, peke yake kwenye mstari, kama sheria yetu inavyotaka, ili usije ukadai kwamba nimelificha katikati ya salamu. Mbili kwa moja. Nyigu wako walituuma jana mbele ya mji mzima, na Kanga wangu walitoka uwanjani vichwa chini kama kuku walionyeshewa.

Bao lenu la kwanza lilikuwa halali, silibishii. La pili nitalibishia hadi kaburini. Mshika kibendera aliinua mkono, kisha akaushusha, akajikuna shingo, akatazama mbali kama mtu aliyeulizwa habari za mke wa jirani. Refa akapuliza: bao. Kipa wetu alilala pale chini mpaka watu wakadhani ameaga dunia. Nami nikapanda ngazi, nikautundika ushindi wenu kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo huna budi kulikubali, Dada: ubao wangu wa matokeo haujawahi kusema uongo. Siku mliyotufunga tano mvua ikinyesha, nilipanda kila mara nikiwa nimelowa hadi mifupa, na sikuchelewesha hata kibao kimoja.

Jana, hata hivyo, palitokea jambo dogo, na kwa kuwa utalisikia kwa wengine, ni afadhali ulisikie kwangu. Kile kibao cha mbili nilikitundika kwanza upande wa Kanga. Jukwaa lenu lote la manjano lilisimama. "Mzee, hata ubao unaiba?" "Kanga wameshindwa kwa miguu, sasa wanacheza kwa ngazi!" Kinyozi, yule jirani yangu, Nyigu asiye na haya, alikuja hadi chini ya ngazi akainua mikono akaniombea dua kama anayeombea mgonjwa. Nilikirekebisha mara moja. Jua lilikuwa machoni, na vibao vyenyewe vimechujuka rangi.

Habari ndiyo hiyo. Mimi nimeanza, wewe jibu mara moja tu, kisha tunyamaze mpaka mechi ya Agosti. Na tuombe isiwe sare.

Mdogo wako,
Mtundika Vibao


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti jikoni. Lile neno la kwanza nimelirudia, kwa sababu lina utamu ambao sukari haina. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wewe umekubali nusu, basi nakuhesabia nusu ya ushindani.

Kuhusu bao la pili: redio ilisema ni halali. Mtangazaji hana mjomba upande huu wala shangazi upande ule. Mshika kibendera akijikuna shingo, huenda shingo ilimwasha.

Kuhusu kibao: usilisingizie jua. Ni moyo wako wa Kanga ulioupeleka mkono kule unakokutaka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe naona itabidi mtu asimame chini ya ngazi akuambie. Nunua miwani, mzee! Mimi nimezalisha kwa mwanga wa taa ya chemli, usiku wa mvua, wodi imejaa, na sikumpa mama hata mmoja mtoto wa mwenziwe.

Huku sina nafasi kabisa. Mwanangu huondoka asubuhi, mkwe wangu humfuata, mjukuu hurudi jioni, na katikati hapo nina shughuli zangu. Nyumba yenyewe iko ghorofa ya nne na haikosi mambo. Mjukuu sasa amekuwa shabiki, hebu sikia maajabu: anavaa jezi ya timu ya nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani.

"Umewahi kuwaona?" nikamwuliza.

"Kwenye simu, Bibi."

"Na wakifungwa?"

"Nahamia nyingine."

Nahamia nyingine! Kama mtu anayebadili kiti kwa sababu cha kwanza kimepigwa na jua. Nikamwambia kwamba mimi ni Nyigu tangu nilipobebwa mabegani na Mjomba, na siku nikifa watazika Nyigu. Akaniuliza Nyigu ni mchezo gani wa simu.

Sina zaidi. Nimejibu, sheria imetimia. Usiandike tena mpaka tutakapocheza.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 17 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefungwa.

Moja bila, na dakika zilikuwa zimekwisha. Naandika leo hii hii, redio haijapoa. Beki wetu alikuwa na mpira miguuni, anaweza kuupiga nje, anaweza kuupiga mbinguni. Akaamua kumrudishia kipa kwa upole kama anayempa mgeni kikombe cha chai. Kanga wenu akapita katikati akainywa. Haya, cheka. Mimi nimekwisha kucheka peke yangu, maana ukikaa karibu na redio bila mtu wa kumgombeza, hasira haina pa kwenda.

Baada ya mechi mtangazaji aliwataka wasikilizaji wapige simu waeleze walivyokuwa mashabiki. Mmoja alisema aliipenda rangi. Mwingine alisema aliolewa na Kanga, akafuata mume. Nilitaka kupiga, kisha nikaona ni mambo ya nyumbani. Ningeanza wapi? Kwamba Baba alikuwa kipa wa Kanga. Kwamba Mama alipotoka nyumbani kwa Baba alinishika mkono mimi akakuacha wewe. Kwamba tulikwenda kwa Mjomba ng'ambo ya reli, na kwa Mjomba kila kitu kilikuwa cha manjano, mpaka ndoo ya kuogea? Wewe hukuichagua Kanga, wala mimi sikuichagua Nyigu. Tuligawanywa kama sahani.

Na ile sheria, nani aliianzisha? Mimi nasema ni wewe. Ulikirusha kikaratasi juu ya uzio wa kwa Mjomba: "Tumefungwa, basi naanza mimi." Wazee hawakutaka tuonane, na sisi wenyewe hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusema amemkumbuka mwenziwe. Tukauachia mpira utuamulie. Mwanangu aliwahi kutuunganisha kwa simu, unakumbuka? Tulisikilizana tukipumua mpaka ikakatika.

Lakini sare, mdogo wangu. Mume wangu alipofariki, tulikuwa tumetoka sare, kisha tukatoka sare tena. Niliingoja barua yako mwaka mzima. Ulipokuja kufungwa, uliniandikia habari za kona.

Sikulaumu. Sheria ni sheria.

Ngazi za jengo hili ni mbovu sana. Hilo si la kujibiwa.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 3 Septemba

Dada,

Moja bila! Beki wenu tumemtafutia kazi hotelini, ya kugawa chai. Kinyozi alifunga kibanda siku mbili akisema mashine ya kunyolea imeharibika. Wateja walimsubiri mlangoni wakimwimbia.

Ningependa kuendelea hivi ukurasa mzima, maana ushindi ni wangu na karatasi ni yangu. Lakini kuna habari nyingine.

Chama cha soka kimeamua kwamba mji mmoja utakuwa na timu moja. Tutacheza mechi ya Desemba, kisha hakutakuwa tena na Kanga wala Nyigu. Timu mpya itaitwa Mji, na jezi yake itakuwa ya bluu. Bluu! Katika ukoo wetu nani aliwahi kuvaa bluu?

Niliinuka mkutanoni. Mwenyekiti akaniambia, "Mzee, utapata timu yenye nguvu."

"Nami nitamcheka nani?"

"Zipo timu za mbali."

"Timu ya mbali haijui jina langu la utani. Nikifungwa na mtu wa mbali, ni sawa na kunyeshewa. Nani humnunia mvua?"

Watu walicheka, Nyigu na Kanga pamoja, na hapo ndipo nilipoona kwamba jambo lenyewe limekwisha kupitishwa. Wataleta pia ubao wa umeme. Namba zitawaka zenyewe, na ngazi yangu itatumika kuchumia maembe.

Sasa ile kona. Mwaka ule niliiandika barua hiyo mara nyingi. Kila mara nilianza na shemeji, alivyokuwa akinisalimu kwa kunikanyaga kiatu, na kila mara nikaichana, kwa sababu sikujua sentensi ya pili iweje. Kona niliijua. Basi niliandika kona.

Usijali mistari inayopandana; kalamu ni mbovu.

Fikiria jambo moja, Dada. Hii ya Desemba ndiyo ya mwisho. Je, tukitoka sare?

Mdogo wako,
Mtundika Vibao


Tarehe 21 Desemba

Dada,

Nimefungwa.

Nne bila. Mwandiko huu ni wa Kinyozi, kwa sababu nimeumia kidole gumba kwenye ngazi. Usianze kuniuguza, ni kidole tu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asiongeze lake.

Mechi ya mwisho, na Kanga wamefungwa nne. Baba angevua glavu akazitupa kisimani. La kwanza lilikuwa la kichwa. La pili lilikuwa la penalti, na penalti yenyewe ilikuwa ya haki. La tatu lilikuwa la kawaida.

(Mimi Kinyozi: si la kawaida hata kidogo, dada yetu. Winga wetu wa kushoto aliwapita watatu, akamkalisha kipa, akamngoja ainuke, akamkalisha tena.)

Alimkalisha mara moja. Mwambie alimkalisha mara moja.

(Mara mbili. Mzee anasema niache kuandika. Siachi, leo ni siku yangu.)

La nne sikuliona vizuri kwa sababu ya vumbi. Nilivitundika vibao vyote vinne, na watu wenu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Baada ya mechi wakaja mafundi na lori wakaushusha ubao. Niliomba nibaki na kibao kimoja. Wakaniambia vyote vimeorodheshwa.

Basi nimeanza mimi, kama aliyefungwa anavyopaswa, nawe jibu. Tafadhali jibu upesi. Jibu hata kwa matusi. Baada ya hii, sijui nani atamfunga nani.

Mdogo wako,
Mtundika Vibao


Tarehe 6 Januari

Kinyozi,

Kwa kuwa wewe ndiye utakayesoma, nianze na wewe. Msomee ndugu yangu kila neno kama lilivyoandikwa. Usiongeze bao.

Mdogo wangu,

Ilikuwa sare. Bila kwa bila.

Nilikuwa jikoni na redio tangu wachezaji walipoingia mpaka walipotoka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwaombea Nyigu wafungwe. Nilisema, "Mungu nisamehe, wape Kanga moja tu, hata la kisigino, hata la kuotea," ili niwe nimefungwa, niwe na haki ya kukuandikia. Refa alipopuliza nililia. Mkwe wangu aliingia akaniuliza nani amefariki. Nikamjibu, "Sare." Akanipima joto.

Kisha ikaja nne bila. Huyo winga wetu wa kushoto aliyemkalisha kipa mara mbili aliondoka tangu Juni kwenda kucheza nje. Kila Nyigu analijua hilo. Na wewe Kinyozi unalijua, ila ulikuwa umenogewa.

Umesema uongo, mdogo wangu. Wewe uliyepanda ngazi mara tano kwenye mvua. Nilikasirika hata nikaiweka barua chini ya godoro nisiione. Ilipofika jioni hasira ilinitoka, nikabaki na swali: kwa nini mtu aandikiwe barua na kinyozi? Nikakumbuka kibao kilichotundikwa upande usio wake. Nikakumbuka mistari iliyopandana, na kalamu iliyosingiziwa, na jua lililosingiziwa, na sasa vumbi. Kazi yangu yote ilikuwa kuwatazama watu wanaosema hawaumwi. Wewe huoni.

Nami nilikuambia ununue miwani. Nimeyakumbuka maneno hayo kila nikilala.

Sasa sikiliza langu. Mwezi wa Julai nilianguka kwenye ngazi za hapa, nikavunjika nyonga. Iliungwa hospitalini, lakini imeunga vibaya, natembea kwa kushika ukuta. Sijashuka chini tangu siku hiyo. Lifti ipo, lakini ni ya kuhifadhia mafagio. Zile shughuli zangu za mchana ni kukaa. Siku nyingine neno langu la kwanza nalitoa jioni, na sauti hutoka na kutu mpaka mjukuu anashtuka.

Hii naandika nikiwa sijafungwa, wala sijashinda. Nijibu nawe hivyo hivyo. Usiniambie habari za mpira. Niambie habari za macho.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 30 Januari

Dada yetu,

Shikamoo. Naandika mimi Kinyozi, bila mzee kujua, au tuseme anajua ila anajifanya hajui.

Nilimsomea kila neno, wallahi sikuongeza. Tulikuwa kibandani kwangu. Nilipofika kwenye winga, akaniambia, "Toka nje." Nikamwambia, mzee, hiki kibanda ni changu. Basi akatoka yeye, na akagonga mlango kwa bega kwa sababu alidhani uko wazi. Nikamfuata, nikamsomea iliyobaki tukiwa tumesimama njiani. Kwenye nyonga alinishika mkono. Baadaye akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.

Ukweli ni huu. Ana presha ya macho. Daktari alimwambia zamani aanze dawa, yeye akaogopa kwamba wakubwa wa uwanja wakisikia watamshusha ngazini. Alikuwa ananiuliza mimi bao ni la nani, kwa ujanja. Ananiita, "Wewe Nyigu, mbona unapiga kelele?" Nami kwa ujinga namjibu, "Tumefunga!" Anapanda anatundika. Kumbe miezi yote hiyo mimi ndiye nilikuwa macho yake, na nilikuwa nadhani tunataniana.

Ile nne bila aliitunga yeye. Mimi nilitunga winga. Nisamehe. Katika mji huu hakuna Nyigu ambaye angekataa kuandika nne bila.

Nimemwomba akujibu. Hataki. Anasema, "Mtu aliyedanganya matokeo hana la kuandika. Mwambie dada nimemaliza barua zangu." Nikamwambia nitaandika mimi, akasema niandike ninachotaka, mkono ni wangu.

Mechi ya kwanza ya Mji nilikwenda peke yangu. Wote tumevaa bluu. Watu wa Kanga walianzisha wimbo wao, ukafa; sisi tukaanzisha wetu, nao ukafa. Ikawa tunapiga makofi kama wazazi kwenye sherehe ya shule. Tulishinda. Nikageuka nimtafute wa kumzomea, nikakuta nimekaa naye.

Mzee hakuja. Asubuhi hukaa kwangu kwenye benchi, wateja wakimsalimu anawatambua kwa viatu. Jioni namrudisha.

Wako,
Kinyozi


Tarehe 12 Februari

Mdogo wangu,

Umesema umemaliza barua zako. Mimi sijamaliza zangu.

Sijui watu huandikiana nini. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Leo kuna upepo. Nguo za watu wa juu zimeanguka kwenye ukingo wa dirisha letu: shati la mtu mzima na soksi moja ya kijani. Nimezikunja nikaziweka kitini. Hakuna aliyekuja kuziulizia.

Ni hayo tu.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Mwenye soksi amekuja. Ni mwanamke kijana, anakaa ghorofa ya juu yetu na mumewe dereva ambaye hayupo wiki nzima. Ana mimba. Yeye anasema miezi sita. Mimi naiona ya miezi saba. Nilimtazama vifundo vya miguu, nikamwambia apunguze chumvi na akapimwe. Akasema, "Umejuaje, Bibi, na sijakuambia?" Nikamwambia akae. Alikaa kidogo, akamaliza chai, akakumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme, akakimbia. Soksi ameisahau tena.

Hujajibu.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Nilimwomba mwanangu anilete kwako. Alikwenda kumwuliza daktari, na daktari amesema nyonga haitastahimili safari ya siku mbili. Nilitaka kubisha, lakini kama ningekuwa kazini ningemwambia mgonjwa wangu maneno hayo hayo. Nikauliza kama wewe unaweza kuletwa huku. Mwanangu na mkwe wangu wakatazamana. Chumba ninacholala ni cha mjukuu. Yeye hulala sebuleni.

Kwa hiyo siji, nawe huji. Nataka ulijue hilo, usije ukawa unakaa ukisikiliza mlango. Tumebakiwa na barua, na barua zote ni zangu.

Kinyozi, hapa usisome haraka. Mdogo wangu, mimi nimewapokea watoto wengi kuliko ninaoweza kuwakumbuka, na kila mmoja alikuja akilia bila kungoja aulizwe. Sisi wawili tu ndio tuliosubiri refa.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Naandika mwenyewe. Kinyozi ameniwekea rula juu ya karatasi. Nafuata ukingo wake, kisha naisogeza chini. Maneno yatakuwa makubwa, na hayatakuwa mengi.

Macho: la kushoto limekufa. La kulia linaona kama kwa tundu la ufunguo, na tundu linazidi kuziba. Natia dawa. Ningeianza mapema lisingefika hapa. Hilo usinigombeze, nimekwisha kujigombeza.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na neno. Kila nililowahi kukuambia lilikuwa na matokeo mwishoni. Kinyozi aliponisomea soksi, nilimwambia, "Imeishaje?" Akasema imeishia hapo. Nikasema hiyo si barua. Lakini wiki ile nzima nilikuwa nikijiuliza kama mwenyewe atakuja. Iliyofuata ilipofika, nilimfanya aache mteja amenyolewa upande mmoja.

Umesema nilidanganya juu ya ubao. Ni kweli, nami naona aibu. Basi nikuambie na jambo la kweli juu yake, ambalo sijamwambia mtu.

Nilipokuwa kijana walitaka kunipa kazi ya getini, kazi ya kivulini, ya kukaa. Mimi nikaomba ngazi. Watu walidhani naipenda Kanga kiasi hicho. Naipenda, lakini si hilo. Baba asingeniruhusu kuvuka kuja upande wenu, na kutoka jukwaa letu ninyi mlikuwa rangi tu, manjano tupu. Juu ya ngazi ndipo mahali pekee uwanjani ambapo mtu huona sura za majukwaa yote mawili. Nilikuwa nikitundika bao, liwe letu au lenu, kisha nageuka kukutafuta. Ilinichukua muda kukupata, kwa sababu nyote mlivaa namna moja. Nikikupata nashuka. Ndiyo maana walikuwa wakinizomea kwamba nakawia juu.

Ulipohama, niliendelea kugeuka.

Sasa nipo kwenye benchi la Kinyozi. Kuna joto. Mtu fulani amevaa viatu vipya, vinalia. Hiyo ndiyo habari yangu yote ya leo, na haina mshindi.

Usingoje nijibu, andika tu. Dirisha lako linatazama nini? Sijawahi kukuuliza. Anza kushoto, uende kulia, wala usiruke kitu.

Mdogo wako